Mawe Tuliyoyapanga Sericho

Nyinyi vijana mliobaki stoo mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Mmeniomba kwa ujumbe wa simu, tena siku ileile niliyorudisha funguo, kana kwamba mlikuwa mnangoja nitoke mlangoni ndipo mkumbuke kuna mambo hamkuniuliza. Sawa, nitaandika. Ila anayetafuta habari za vyeo na mishahara asijisumbue, hayo yako ofisini Nairobi na sijaona yakimfurahisha mtu. Nitaandika kuhusu meno ya papa, kuhusu Mzee Guyo aliyenifundisha kazi, na kuhusu mfupa wa dinosaria ambao mzee huyo alitaka kuuona umetoka ardhini kabla macho yake hayajazimika. Mfupa huo ulinizeesha kuliko watoto wangu wote.

Nilizaliwa Bulla Pesa, hapa hapa Isiolo. Babu wa baba yangu aliletwa huku akiwa askari wa Mwingereza, vita vikaisha, akaambiwa akae, akakaa. Tangu hapo sisi ni watu wa maduka na malori. Baba alitaka nikae kwenye duka la vitambaa, lakini nikasikia stoo ya makumbusho hapa mjini inatafuta mtu wa safari za kuokota visukuku, yaani mifupa na meno ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Walitaka mtu anayejua Kisomali, Kiborana na Kiswahili, na asiyetapika garini. Nadhani ni hilo la mwisho lililonipa kazi, maana mwenzangu tuliyefanyiwa naye majaribio alitapika kabla hatujafika Ngaremara.

Nilipomwambia mama kwamba nitakuwa naokota meno ya papa, aliweka kikombe chini.

"Papa wa baharini?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa Isiolo?"

"Mbele, upande wa Sericho. Zamani sana kulikuwa na bahari."

Aliitazama mitungi yetu iliyopangwa ukutani ikimngoja mtu wa mkokoteni wa maji, ambaye siku hiyo hakuwa ametokea. "Na hiyo bahari waliipeleka wapi?" akauliza. Nimeulizwa swali hilo na watu wengi tangu siku ile, na wote huuliza kama watu wanaodai kurudishiwa mali yao.

Siku yangu ya kwanza porini, Mzee Guyo alinipa chekeche la waya, brashi ya rangi na sindano ya kushonea magunia, akaniambia keti. Nilidhani atanieleza jambo. Hakueleza. Mzee Guyo alikuwa Mborana mwembamba, mwenye kofia iliyofumwa na mkewe na hasira aliyozaliwa nayo, na aliamini kwamba mtu akielezwa kitu hatakiona tena kwa macho yake mwenyewe. Nilichekecha mchanga asubuhi nzima nikaona changarawe tu. Adhuhuri akaja, akainama, akachukua kitu cheusi kilichokuwa kimelala juu ya pindo la dera langu. Kilikuwa jino la papa, dogo kama punje ya mahindi, linang'aa utadhani limepakwa mafuta. "Umekaa nalo tangu saa tatu," akasema, akaondoka zake.

Ukiona jino moja, utayaona mengine. Hilo ni kweli na ndilo jambo pekee rahisi katika kazi hii. Mfupa ni taabu zaidi, kwa sababu mfupa uliogeuka jiwe na jiwe lililozaliwa jiwe hufanana. Njia yetu ni ulimi. Unakiramba kipande, kikinata ulimini ni mfupa, kisiponata kitupe. Mnacheka, lakini mashine mnayoisubiri kutoka Nairobi haijafika na ulimi mnao. Taabu ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Mzee Guyo alienda kumuuliza sheikh mmoja mjini kama kuramba mnyama aliyekufa kabla ya Nabii Adamu kunafunguza. Sheikh alimuuliza kama hana kazi nyingine ya kufanya mpaka jua lizame. Mwezi ule mzima tulikusanya kila kitu, na baada ya Idi tukatupa nusu ya gari.

Mfupa mkubwa hautolewi kama muhogo. Unachimba pembeni, unaupaka gundi nyembamba, unaufunika kwa tishu ya chooni iliyoloweshwa, kisha unauvika vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, ile ile ya hospitali ya kufungia mtu aliyevunjika. Ikikauka, unaugeuza na kuuvika upande wa pili. Tishu inazuia plasta isishike mfupa. Msibanie tishu. Niliwahi kufanya kazi na kijana aliyebania tishu, na mfupa wake uko stoo mpaka leo ndani ya plasta, hakuna anayethubutu kuufungua.

Na watu, jamani. Hakuna aliyeniamini miaka yote hiyo. Ukishuka garini na nyundo, wanajua umekuja kutafuta mafuta. Ukisema unatafuta mifupa, wanajua ni mafuta na wewe ni mwongo. Pale Ngaremara bwana mmoja alinisimamisha kila nikipita, ananiletea meno ya mbuzi aliyemchinja mwenyewe. Nilimwambia haya ni ya mbuzi. Akasema, "Sawa mama, lakini ni ya mbuzi wa zamani." Mpaka nikabadilisha saa za kupita.

Sasa nije kwenye mfupa wenyewe.

Ulikuwa msimu wa mwisho wa Mzee Guyo. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, anatambua watu kwa mwendo. Tulikuwa mbele ya Sericho, kwenye laga, mto mkavu unaopata maji siku mvua ikikumbuka. Nilikuwa nachekecha chini ya ukingo nikasikia kimya. Mzee Guyo hakuwa mtu wa kimya, alikuwa akinung'unika akifanya kazi. Nikageuka nikamwona amepiga magoti, ameegemeza shavu kwenye ukingo. Alikuwa ameukuta kwa vidole. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimetokeza, kipana kama sufuria ya harusi, na tulipopiga brashi kuufuata ulienda, ukaenda, mpaka ukawa mrefu kuliko yeye. Meno ya papa yalikuwa pembeni yake, maana mnyama huyo alikufa ufukweni na papa wakamla. Mzee alikaa chini akalia bila kuficha. Akaniambia, "Zeinabu, huu nataka kuushika wote. Chini na juu. Kisha naenda nyumbani."

Tukafungua magunia ya plasta. Yalikuwa saruji nyeupe.

Sitaki kuandika niliyosema siku hiyo. Mtu fulani ofisini aliona unga mweupe, akaona unga mweupe mwingine, akaridhika. Ukifunika mfupa kwa saruji umejenga choo. Kurudi Isiolo kuleta plasta kulikuwa safari ndefu, mawingu yalikuwa yameshajikusanya, na laga ikipata maji gari linabaki ng'ambo. Mzee Guyo akasema tuufukie, tupange mawe juu yake mbuzi wasiukanyage, turudi barabara ikikauka.

Kupanga mawe ni desturi yetu, nanyi mnaifanya. Lakini Mzee Guyo alikuwa na kanuni yake zaidi. Alipanga mawe kufuata urefu wote wa mfupa, kisha akasimamisha jiwe moja refu kichwani na jingine mguuni, ili anayekuja kuchimba ajue unapoanzia na unapoishia asiupige sururu. Mfupa ulikuwa umelala mashariki kwa magharibi. Nilibeba mawe mimi, yeye akapanga kwa mikono, anapapasa, anasawazisha, anarudia. Ilikuwa kazi safi. Waislamu wawili tuliolelewa tukizika watu wetu tulisimama tukaitazama, tukaisifu, tukaingia garini.

Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule. Barabara ilipokauka hatukuwa na gari. Gari lilipopatikana kibali kilikuwa kimekwisha. Kibali kilipokuja Mzee Guyo alikuwa amebakiza siku chache kazini, naye alikaa kando ya dereva njia yote na mfuko wa brashi mapajani, hataki kuuweka nyuma.

Tulipofika, dereva alisimamisha gari kabla sijamwambia. Mawe yetu yalikuwa yameongezeka mara kadhaa. Yalizungushiwa boma la miiba, kukawa na kilango kidogo, na mbele ya kilango ardhi ilikuwa imefagiliwa. Mawe mawili marefu yalikuwa yamepakwa chokaa. Ndipo nikaona tulichojenga. Nikamgeukia Mzee Guyo kumweleza, lakini alikuwa ameshashuka, amefika kwenye boma, anapapasa miiba kwa ncha ya fimbo yake. "Subhanallah," akasema polepole. "Nimemzika."

Watu walikuja kutoka kisimani kabla hatujatoa hata sepetu. Msemaji wao alikuwa Halake, mwanamume mpana wa sauti ya chini. Baada ya salamu, na salamu zao si fupi, Mzee Guyo akamweleza kila kitu kwa Kiborana, kwamba hapa hakuna mtu, kuna mfupa wa mnyama, na mawe ni yeye aliyepanga.

"Kila mtu mwenye kuchimba iko na hadithi yake," Halake akanijibu mimi kwa Kiswahili, nadhani ili nisikose kuelewa. "Watu wa mafuta walisema wanatafuta maji. Nyinyi mnasema mfupa. Hii ni kaburi ya Jillo, mtoto ya ndugu yangu. Mama yake yuko pale."

Mama Jillo alikuwa ameketi kando ya kilango. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho makali na fimbo ya mbuzi, wala hakuinuka. Halake akatueleza. Katika ukame uliopita, Jillo alipeleka ngamia mbali kutafuta malisho. Ngamia walirudi. Yeye hakurudi. Mama yake alikuwa akisimamisha kila lori lililopita Sericho, anauliza, mpaka madereva wakawa wanamkwepa. Kisha siku moja baada ya mvua akapita hapa na mbuzi, akaona kaburi jipya lisilo na mwenyewe, limepangwa kwa heshima, lina kichwa na miguu. Akasema wasafiri wema walimkuta mwanangu wakamzika. Tangu siku hiyo akaacha kusimamisha malori. Akaanza kula.

Nilimpigia simu daktari wetu wa visukuku kule Nairobi nikiwa juu ya kichuguu, mahali pekee penye mtandao. Akasema kibali tunacho, tuwaonyeshe kibali. Niliporudi kumwambia Mzee Guyo, aliniomba simu. Nikampa. Akaizima akaitia mfukoni mwake.

"Tunaenda nyumbani," akasema.

"Mzee, mvua nyingine ikija ukingo huu unaanguka. Mfupa unakwenda."

"Najua."

"Na wewe wiki ijayo unaondoka kazini."

"Zeinabu, hiyo pia najua."

"Basi tumwombe yule mama tufungue upande mmoja tu, aone mwenyewe kwamba si mtu."

"Halafu umpe nini?" akaniuliza. Nilikuwa na plasta, safari hii plasta ya kweli, gari zima. Njia yote ya kurudi nilikuwa na hasira hata sikuweza kunywa chai. Nilimkasirikia yeye na ukaidi wake, nikamkasirikia mpumbavu wa saruji, nikamkasirikia hata yule mama, na hilo la mwisho lilinitia haya lakini halikupunguza hasira. Mzee Guyo alistaafu bila mfupa wake. Tulimpa mbuzi na saa ya ukutani ambayo hakuweza kuiona.

Mvua ilikuja kama nilivyosema, na hakuna raha yoyote katika kuwa umesema. Laga ilishuka na miti. Nikahesabu mfupa umekwisha. Nilimwambia Mzee Guyo nyumbani kwake, akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kuhusu watoto.

Kisha siku moja dereva wa lori la ndugu yangu alipitia dukani kwetu na ujumbe. Alikuwa amesimamishwa Sericho. "Kuna mama mmoja kule," akasema, "ameniambia nikuambie uje uchukue mnyama wako. Na uje na yule mzee haoni. Alikuwa mkali, mama. Nilidhani atanichapa."

Nilimpakia Mzee Guyo garini akiwa bado anatafuta kiatu cha pili.

Tulimkuta Mama Jillo mbele ya nyumba yake. Kando yake, kwenye kivuli, kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe cha sanda. Hakungoja salamu ziishe.

"Mwaka mzima!" akasema. "Mwaka mzima nimelia juu ya mnyama yenu. Nimefagia. Nimeweka chokaa. Nimechinja mbuzi mbili nikasomesha Kurani. Nyinyi watu iko gari, iko simu, iko karatasi ya serikali, mnaweka kichwa na miguu juu ya mnyama?"

"Nisamehe, Mama Jillo," Mzee Guyo akasema.

"Ninyamazie kwanza."

Alitueleza kwa hasira ile ile. Maji yalipovunja ukingo alikimbia na punda wake. Kaburi lilikuwa limefunguka na mifupa imetawanyika kwenye matope. Aliiokota yote, hakuacha kipande, hata vipande vidogo kama kucha alivifuata chini ya laga mpaka jua likazama, kesho yake akarudi tena. Mtu haachi mifupa ya mwanawe ilale majini. Akanunua sanda. Kisha akakaa kuosha matope, kipande kwa kipande, na matope yalipotoka akaona kwamba kipande kimoja tu ni kipana kuliko kifua cha mtu, na kwamba huyu si Jillo. Alimaliza kuosha vyote hivyo hivyo.

Nilifunua sanda. Nimefanya kazi na wasomi wa kila aina, na sijawahi kuona kisukuku kilichookotwa hivyo. Vipande vilipangwa kwa mfuatano, cha kichwani kichwani, cha mguuni mguuni, na meno ya papa alikuwa ameyafunga peke yake kwenye pindo la kitambaa, maana alidhani ni ya mnyama mwenyewe. Mzee Guyo alipiga magoti akaushika, kuanzia juu hadi chini, anapita kila kiungo na vidole. Hakulia safari hii. Alipofika mwisho aliacha mkono wake pale, akasema, "Mama Jillo, sina cha kukulipa."

"Uko nayo," akasema. "Wewe unajua kujenga. Nijengee ya kweli."

"Lakini hatujampata," Halake akamwambia. Alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. "Utazika nini?"

"Nitazika yeye. Nimechoka kusimamisha malori." Akasema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Tulipanda mbali na laga, mahali pa juu ambapo maji hayafiki. Halake alileta watu wa kisimani wakasimama safu, wakamsalia Jillo sala ya maiti aliye mbali, na Mama Jillo akasimama nyuma yao na fimbo yake. Kisha mimi nikabeba mawe na Mzee Guyo akapanga, kama mara ile, anapapasa, anasawazisha, anarudia. Mikono yake ilikuwa imezoea kipimo kimoja. Alisimamisha jiwe la kichwani, akahesabu hatua kwa magoti, akasimamisha la miguuni, akajipangusa vumbi.

Mama Jillo alitembea kando ya kaburi lile kutoka mwanzo hadi mwisho. Akarudi. Akaligusa jiwe la miguuni kwa fimbo.

"Punguza," akasema. "Jillo alikuwa mfupi."

Mzee Guyo akaling'oa jiwe, akalisogeza. Mama Jillo akasema bado. Mzee akalisogeza tena, mama akasema bado kidogo, na mama aliposema hapo, mkono wa mzee ulikuwa umebaki karibu sana na jiwe la kichwani, na sote tukaona jinsi Jillo alivyokuwa mdogo.